Msinunue Urefu

Haya ni maneno niliyowaambia wakulima wa miti wa huku Mufindi, mkoani Iringa, kuhusu kulisha mbolea miche ya misindano, yaani mipaini, mwanzoni mwa Novemba, tukiwa tumekaa kando ya kitalu cha kijiji. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza vicheko na marudio tu.

Kamwene!

Ndugu mwenyekiti, mheshimiwa diwani, Bwana Miti wetu, baba zangu na mama zangu, nanyi vijana mliokuja na pikipiki mkidhani leo kuna mgao wa miche ya bure. Hakuna mgao. Kuna maneno, halafu kuna chai.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mama, msimu uliopita watu walinunua misindano mizuri kweli, mirefu, kijani inang'aa. Ilipofika Agosti mingi imekauka. Na yule mzee wa kule bondeni, miche yake mifupi tuliyoicheka, imesimama. Njoo utuambie alitumia mbolea gani." Nikamwambia kwamba huenda jibu likawa ni mbolea gani hakutumia.

Mimi sikusoma chuo cha misitu. Nilianza mwaka 1994 nikiwa kibarua wa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, nikalipwa kwa idadi ya viriba, na mpaka leo nikifumba macho vidole vyangu vinajua kiriba kilichojazwa vizuri na kile kilicholegea. Mengi nitakayosema nimejifunza kwa kuharibu. Machache nimesomewa na wataalamu, nikayajaribu, nikayakuta kweli.

Hapa nina miche miwili ya msindano. Imesiwa mwezi mmoja, Mei, mbegu moja. Huu mrefu una sentimita 38, nimepima asubuhi. Huu mfupi una 22. Kama mngekuwa wanunuzi, mngechukua upi? Nyoosheni mikono bila aibu. Naona. Karibu wote mrefu. Basi nipeni huo wembe.

Nachana kiriba cha mrefu. Tazameni, udongo unamwagika wote chini kama unga. Mizizi iko michache, minene, na huu mkuu umefika chini ukajizungusha kama mkia wa mbwa aliyelala. Shina nalo, ukilishika hapa karibu na udongo, ni jembamba, linainama lenyewe. Sasa nachana cha mfupi. Udongo haumwagiki, umeshikwa. Njooni karibu, mama njoo, inua miwani. Unaona hizi nyuzi nyeupe, kama utando wa buibui? Unaona ncha za vijizizi hivi zimegawanyika mbili mbili kama uma? Nusa. Unanukia nini? Uyoga. Ni kweli, ni uyoga, nitaurudia baadaye maana ndio mzizi wa habari yote.

Huu mrefu ulilishwa mbolea nyingi kila wiki mpaka juzi. Umekula vizuri juu, chini haukufanya kazi. Mche una akili ya mtu wa kawaida: chakula kikiletwa mezani kila siku, hauendi kukitafuta. Ukishauweka shambani Desemba, mvua zinausaidia mpaka Aprili, halafu zinaondoka. Pale ndipo majani mengi yanadai maji na mizizi haina pa kuyatoa. Unakauka kuanzia juu, na mwenye shamba anawalaumu mchwa.

Sasa tuingie kwenye kiriba chenyewe. Kile chetu cha inchi nne kwa sita, udongo wake haufiki nusu lita. Ungeumimina kwenye chupa ya soda, ungeijaza na kubakiza kidogo. Humo ndimo mti utakaotoa mbao unakaa zaidi ya nusu mwaka. Na kila siku tunamwagilia: maji yanaingia juu, yanatokea kwenye matundu ya chini, na naitrojeni inaondoka nayo. Kwa hiyo siwaambii msiweke mbolea. Udongo wa kiriba unachoka, na mche wenye njaa nao haufai. Lakini nusu lita ya udongo haina mahali pa kuficha makosa. Shambani ukimwaga konzi nzima ya mbolea, mvua na udongo mwingi vitakusamehe. Kiriba hakisamehi.

Nitawaambia la kwangu. Mwaka wangu wa tatu kitaluni, niliachiwa matuta mawili ya misindano iliyokuwa imepauka. Nikachukua urea. Sikuiyeyusha, niliinyunyiza kavu juu ya viriba kama mtu anavyotia chumvi kwenye nyama, saa saba mchana, jua la Septemba. Jioni nikamwagilia kidogo. Siku ya tatu ncha zote zilikuwa za rangi ya kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto, na wiki iliyofuata nikawa naondoa miche kwa karai. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Punje tatu nne zikilala kwenye shingo ya mche wa sentimita tano, mbolea ile inavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya mzizi kuvuta maji kutoka udongoni. Mche unakufa kwa kiu ndani ya udongo uliolowa. Tangu siku hiyo sijaweka mbolea kavu juu ya kiriba, na anayeniambia kwake haikuleta madhara namwambia ana bahati, asiijaribu tena.

Sasa kipimo, maana najua wengine mmekuja kwa hilo tu. Chukua NPK 17:17:17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kizibo cha soda kilichojazwa bila mlima kinabeba gramu kama tano. Vizibo viwili kwa keni ya kumwagilia ya lita kumi. Loweka usiku kucha kwenye ndoo ndogo, maana punje zake haziyeyuki zote, zinabakiza tope. Asubuhi chuja kwa kanga kuukuu, la sivyo matundu ya keni yataziba. Keni hiyo moja ni ya viriba mia tano. Udongo uwe umeshalowa tangu jana yake, usimwagie mbolea kwenye udongo mkavu. Ukimaliza, pitisha maji safi kidogo uoshe majani. Mara moja kwa wiki, asubuhi au jioni.

Tufanye hesabu pamoja. Una miche 10,000. Ni keni ishirini kwa wiki. Kila keni gramu kumi, jumla gramu mia mbili. Kwa wiki kumi ni kilo ngapi? Kijana wa shati la bluu, sema kwa sauti. Mbili! Kilo mbili kwa miche elfu kumi, msimu mzima. Ukipanda mita tatu kwa tatu, miche mia nne na hamsini inaingia ekari moja, kwa hiyo kilo mbili hizo zimelisha miche ya zaidi ya ekari ishirini. Mtu akikuambia amemaliza mfuko wa kilo hamsini kwenye kitalu cha ukubwa huo, ujue mbolea umeila mto, au ameila yeye.

Na hata hivyo vizibo viwili si vya kuanza navyo. Mche uliotoka kuhamishwa kutoka kwenye tuta la mbegu uache, una jeraha. Ukianza kuulisha mapema unalisha ugonjwa wa kinyaushi, na kinyaushi kikiingia kwenye miche laini kinaiangusha kwa safu, jioni imesimama, asubuhi imelala. Subiri wiki nne tano, uuone umeshika na umetoa majani mapya. Hapo anza na kizibo kimoja kwa keni. Baada ya wiki mbili tatu ongeza cha pili. Yupo Msweden mmoja, Torsten Ingestad, alitumia miaka mingi kupima chakula cha miche ya miti, na jambo kubwa alilolionyesha ni hilo: mche unakua kwa kuzidisha, kwa hiyo chakula nacho kiongezeke pamoja nao, kidogo ukiwa mdogo, zaidi ukikua. Mama yeyote aliyelea mtoto angemwambia hivyo bure, lakini yeye aliweka namba.

Namba zake nyingine zinatuhusu sana. Alikuta kwamba kwa kila sehemu 100 za naitrojeni, mche wa mti unataka fosforasi kama sehemu 13 au 14 tu. Sasa someni mfuko wetu. 17 ya kwanza ni naitrojeni. 17 ya pili si fosforasi tupu, imeandikwa kwa hesabu ya oksidi yake. Fosforasi yenyewe ndani yake ni kama asilimia 7 na nusu. Pigeni hesabu: ni sehemu 44 kwa 100. Mara tatu ya unachohitaji! Haiui mche, lakini inafanya jambo jingine nitakalolisema sasa hivi. Ndiyo maana nikiipata 20:10:10 naichukua hiyo, vizibo vilevile. DAP, ambayo ina fosforasi nyingi zaidi, sitaki kuiona kitaluni, kazi yake ni kwenye mahindi. Na huku kwetu kwenye mashamba ya chai wapo wanaopata ile 25:5:5 wakaileta kwenye viriba. Mbolea ya chai imetengenezwa kulisha majani, kwa sababu chai inauzwa majani. Sisi hatuuzi majani.

Nije kwenye uyoga.

Msindano si mti wa hapa. Huu tunaoupanda kwa wingi, patula, kwao ni Meksiko. Miti ya jamii hii haili peke yake. Mizizi yake inaishi na kuvu, ndizo hizo nyuzi nyeupe mlizoziona. Kuvu anapewa sukari na mti, naye anatembea mbali kwenye udongo kuutafutia mti fosforasi na maji. Misindano ilipoletwa Afrika, ilikuja mbegu, kuvu akabaki kwao. Katika vitalu vingi vya mwanzo miche iliota ikasimama palepale, ya manjano na zambarau, na mbolea haikuisaidia, mpaka ulipoletwa udongo uliotoka chini ya misindano iliyokwishakua. Kwenye shamba la miti la Sao Hill hapo jirani, ambako majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, kwa sasa udongo huo upo tele. Huo uyoga wa rangi ya kahawia wenye utelezi mnaouona chini ya misindano mvua zikianza, ule ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini.

Kwa hiyo mbolea ya kwanza ya msindano haipo dukani. Ni karai la udongo wa juu, ule wenye sindano zilizooza, kutoka kwenye shamba la misindano lenye afya. Mimi naweka sehemu moja kwa kila sehemu kumi za mchanganyiko. Uchukue juu juu, usichimbe shimo, na usiuanike juani ukakauka, utamuua kuvu. Na sasa ile fosforasi iliyozidi: mche ukipewa fosforasi mlangoni, unamfukuza kuvu. Kwa nini umlipe mtumishi sukari wakati maji yanaletwa na bomba? Siku ukihamia shambani bomba halipo, na mtumishi ulishamfukuza. Ndiyo habari ya huu mche mrefu. Udongo wake ulimwagika kwa sababu hakukuwa na wa kuushika.

Jambo jingine linanisikitisha kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Mafinga tuna milima ya maranda kwenye viwanda vya mbao, yanatolewa karibu bure, na kuna watu wamesikia kwamba wenzetu wanaotumia trei wanaotesha kwenye maganda ya miti badala ya udongo. Wakachukua maranda mabichi, wakajaza viriba. Maganda yale huozeshwa kwanza kwa miezi! Maranda mabichi yakianza kuoza, wadudu wadogo wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni, na wanaichukua kabla ya mche. Unamwaga mbolea, wanakula wao. Mche unakuwa wa manjano, unaongeza mbolea, wanakula tena. Kama unataka maranda, yalundike pamoja na samadi, yamwagilie, yageuze, yaache mpaka yawe meusi na yasipate joto ukitia mkono. Samadi ya kuku nayo ni kali, ioze kabisa.

Na majivu, jamani. Najua majivu yanawekwa kufukuza wadudu, bibi zetu walifanya hivyo kwenye maboga. Msindano unapenda udongo wenye uchachu. Ukitia majivu unaondoa uchachu, chuma kinajifungia udongoni, na majani machanga ya juu yanageuka manjano. Hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Manjano ikianzia chini, kwenye majani ya zamani, ni naitrojeni: mche unaihamisha kutoka kwa wazee kuipeleka kwa watoto. Manjano ikianzia juu, kwa watoto, usikimbilie mbolea, uliza habari za majivu, chokaa au maji ya kisima. Zambarau inaweza kuwa fosforasi, lakini mwezi wa sita na wa saba, sakitu inapolala kwenye matuta, misindano yote inakuwa zambarau kwa baridi tu. Subiri jua la Septemba. Nimeona mtu amemwaga mfuko kutibu baridi.

Leo ni mwanzo wa Novemba, na wiki hii ndiyo ya kuacha kulisha miche. Najua inauma, kwa sababu wanunuzi wanaanza kupita. Dalali anashuka kwenye gari na macho yake, hana wembe, anaangalia urefu na rangi. Mwenye kitalu naye anaongeza urea kidogo wiki mbili kabla, mche unaruka, unang'aa, unauzwa. Simlaumu sana mwenye kitalu. Anauza kinachonunuliwa. Ninayemlaumu ni wewe mnunuzi, unayelipia sentimita za juu na kuidharau mizizi iliyo chini.

Kuacha maana yake punguza naitrojeni, punguza maji, ondoa kivuli chote, inua viriba ukate mizizi iliyotoboa chini. Wiki nne mpaka sita. Shina liwe gumu, lenye rangi ya kahawia kwenda juu, kilele kitulie. Lakini kukomaza si kuua kwa njaa. Wapo wanaoacha kabisa tangu Oktoba, wanapeleka shambani miche ya manjano iliyonyauka wakisema imekomaa. Mche unatakiwa uondoke na akiba tumboni. Ukiona rangi inafifia sana, toa kizibo kimoja kwa keni, mara moja, katikati ya kipindi hicho, halafu basi. Siku moja kabla ya kubeba, loweka viriba mpaka maji yatoke chini.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu milingoti, yaani mikaratusi. Milingoti ina haraka. Miezi mitatu minne imetosha, inakula mapema na inaonyesha njaa mapema, kwa hiyo wiki zake za kulishwa ni chache na huanza mapema kidogo, vipimo vilevile. Anayeanza kuisia Mei pamoja na misindano atapata fito, si miche. Isieni Agosti. Mitiki siizungumzii, hapa ni juu mno kwake, walime wa Kilombero.

Kijana anauliza zile punje zilizopakwa ngozi, zinazoachia mbolea taratibu kwa miezi. Ni nzuri, zinachanganywa na udongo kabla ya kujaza, na hazichomi kirahisi. Tatizo ni kwamba ukishazitia huwezi kuzitoa. Zinaachia kwa joto: jua likiwa kali zinatoa zaidi, na Novemba unapotaka kuacha, zenyewe haziachi. Ukinunua, nunua zile za miezi michache kuliko muda wa kitalu chako. Mimi bado nina vizibo vyangu.

Swali la mwisho la mzee ni gumu: mnunuzi afanyeje, atachana kila kiriba? Hapana, mzee. Katika kila miche elfu, omba mitano uichague wewe, si mwenye kitalu, uilipie, uichane palepale. Akikataa, panda gari lako uondoke. Akikubali, angalia mambo matatu tu: udongo umeshikwa, mzizi haujajizungusha, shina halilali. Urefu uangalie mwisho.

Sasa naona chai inakuja, lakini kabla haijafika, mwenyekiti, kule kwenye tuta la nne kuna viriba vya mtu mmoja aliyekaa hapa. Hakuniomba nimtaje na sitamtaja. Nimepita asubuhi nikaona punje nyeupe juu ya udongo. Twende na maji tukazioshe pamoja, keni ziko pale, halafu tunywe.